Nyeupe Ipo: Safari ya Kutafuta Sakafu ya Baba

Nyie ndugu zangu wa Masasi mmeniuliza kwenye simu mara tatu nyumba ya Kimara imefikia wapi, na mara zote nimewajibu inaendelea. Leo naandika yote, mtasomeana wenyewe. Mie nikieleza kwa mdomo nalia, na nikishalia habari haifiki mwisho.

Sababu ya safari yenyewe ilikuwa macho ya baba. Mnajua presha ya macho ilimwanza zamani, mpaka akawa anachonga vinyago kavisogeza karibu na pua. Sasa hospitali wamesema kilichobaki ni kidogo. Anatofautisha cheusi na cheupe, basi. Uso wangu hauoni. Na pale tulipopanga Tabata choo kiko uani, kwa hiyo kila akitaka kwenda lazima mtu amshike mkono. Baba anachukia kushikwa kuliko anavyochukia kutoona. Ukimshika asubuhi, ananyamaza mpaka magharibi.

Wazo la mstari lilikuwa lake mwenyewe. Jioni moja mama alikuwa anaanua nguo, kaweka shuka jeupe sakafuni, baibui lake likaangukia juu yake. Baba akasimama. Akalifuata lile baibui kwa miguu yake, kutoka kwenye kola mpaka kwenye pindo, peke yake, bila fimbo.

"Mume wangu ananikanyaga mbele ya watoto," mama akasema.

"Tulia, nakufuata," baba akajibu, na sijamwona akicheka vile tangu aache patasi.

Ndo tukaamua. Nyumba ya Kimara ilikuwa imebaki sakafu. Itakuwa nyeupe yote, na mstari mweusi wa upana wa futi mbili utoke mlangoni kwa baba, ukate sebule, uishie chooni. Tailizi hakutaka. Alishateleza juu yake mara mbili, na anasema taa ikiwaka anaona mng'ao mmoja tu, kama maji. Akataka terazo, ile sakafu ya vijiwe ndani ya simenti, isagwe laini ila isipakwe nta. "Nyeusi iwe kama moyo wa mpingo," akaniambia, "na nyeupe iwe kama ule mti wa pembeni unaouzunguka. Ukiupasua mpingo huulizi kipi kinaanzia wapi."

Halafu akanipa sharti. "Fundi usimwambie kama sioni. Mwambie ni urembo."

Saa moja asubuhi, Jumatatu, nilitoka Tabata na bajaji kwenda Temeke. Tulielekezwa kwa Fundi Salehe, mtu wa terazo wa siku nyingi, naye alitaka kwanza nikaone kazi yake kwenye nyumba ya mtu. Mie niliona ni kupotezeana muda tu. Nilishaamua nyeusi na nyeupe, sasa nikaangalie nini? Dereva alipita mitaa ya ndani kukwepa foleni, tukakuta mitaa ya ndani nayo ina foleni ya waliokwepa foleni.

Saa mbili na nusu, Temeke. Mwenye nyumba ni Bi Mwanaidi, mama mtu mzima wa hapo hapo, kazaliwa nyumba ile. Nilimkuta anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndo wa Salehe? Vua viatu, nimedeki."

Sakafu yake ilikuwa kama alivyotaka baba. Katikati nyeupe, pembeni bango jeusi kama mkanda limezunguka chumba kizima. Nikakunja macho mpaka yakabaki upenyo, nijaribu kuona kama baba. Ile nyeusi ikabaki imesimama peke yake. 

"Mbona unaifinyia macho sakafu yangu?" bibi akauliza. "Kwenu wapi?"

"Masasi, bibi. Baba ni mchongaji."

"Mchongaji halafu anatafuta sakafu Temeke? Si akuchongeeni ya mpingo, mkae juu ya vinyago."

"Bibi, haya mawe yalitoka wapi?"

"Mawe nitayajulia wapi mie? Marehemu mume wangu ndo alihangaika na Salehe, wiki nzima wanachanganya, wanakausha, wanatazama. Mie niliwapikia tu. Kaa basi unywe chai, fundi wako hakimbii."

Nikasema nashukuru, nina haraka. Sikuuliza walikuwa wanachanganya nini. Nilishavaa kiatu kimoja.

Saa tano, Mikocheni. Nyuma ya magodauni kuna yadi ya mawe ya terazo. Yako kwenye mifuko na mengine yamemwagwa mafungumafungu, madogo kama punje za mahindi. Muuzaji ni dada mmoja wanamwita Mama Joi, ana kopo la maji mkononi muda wote. Yakiwa makavu, mawe yote yana vumbi, huwezi kujua rangi. Anayamwagia maji, rangi inatoka.

"Ya kijani hii watu wanaipenda sana," akasema.

"Nataka nyeusi. Nyeusi kabisa."

Akamwagia fungu la kwanza. Nikasema hiyo ni kijivu. Akamwagia la pili, nikasema ina wekundu.

"We mdada, unachagua mawe au mchumba?"

"Mchumba anabadilishwa," nikamwambia. "Sakafu haibadilishwi."

Akacheka, akanipeleka nyuma kabisa. Hapo ndo nikayaona meusi kama moyo wa mpingo. Nikayachambua kwa mkono, jiwe moja moja, ya juu na ya chini ya mfuko, nisije nikapewa mchanganyiko. Kwenye meupe nikafanya vile vile. Saa mbili nzima nimechuchumaa juani. Nilijisikia mtoto wa maana siku ile, nawaambia ukweli.

Tukiwa tunapakia kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, Fundi Salehe akapiga simu kutoka Kimara.

"Sista, niko saiti. Nyeupe ipo?"

"Ipo, fundi. Ndo inapakiwa."

"Na nyeusi?"

"Nayo ipo. Tunakuja."

"Safi. Basi mie dukani siendi tena."

Nikakata simu. Alikuwa anataka kwenda dukani kununua nini, sikujiuliza. Nilikuwa nabishana na dereva asiweke tairi la akiba juu ya mifuko yangu.

Saa nane, Kimara. Kirikuu kilipanda kile kilima chetu kikilia kama kinakata roho. Fundi alikuwa ameshaloweka jamvi, ile zege ya chini, na vipande vya kioo vya kutenganisha mstari na sakafu ameshavisimamisha, vimenyooka kabisa kutoka chumba cha baba mpaka chooni. Ni mtu wa miaka kama hamsini, mpole, magoti yamemwisha kwa kazi. Akazunguka mifuko yote, akaigonga kwa kidole.

"Nyeupe yako iko wapi?"

Nikaupiga mfuko wa mawe meupe kwa mguu. "Si hii hapa."

Akaniangalia. Akaangalia ile simenti ya kawaida iliyobaki kwenye ujenzi, mifuko imepangwa ukutani. "Kwa hiyo tunatumia hii hii?"

"Si simenti hiyo, fundi? Tumia, isije ikaganda bure."

"Huu mstari ni wa nini lakini?"

Hapo ndo ulimi wangu ulikuwa na nafasi. Nikakumbuka sharti. "Urembo tu," nikasema.

"Haya. Wewe ndo bosi."

Akamwaga. Jioni ile sakafu nzima ilikuwa tope moja, na fundi akaniambia nisiogope, terazo ikimwagwa yote huwa tope, sura yake inatoka kwenye kusaga. Nikarudi Tabata nikamwambia baba nyeusi niliyopata haina mfano. Akataka nimwelezee jiwe, nikamwelezea mpaka chakula kikapoa.

Siku ya nane nikarudi Kimara peke yangu, siku ya mashine. Ile mashine inasaga na maji, inapiga kelele mpaka kifua kinatetemeka, na uji wa simenti unatapakaa kila mahali. Fundi akasaga kona moja ya mlangoni kwa baba, akamwagia ndoo ya maji safi, akasukuma na brashi.

Mawe yangu yalikuwepo. Meupe upande huu, meusi kwenye mstari, yametulia kama niliyapanga mwenyewe. Lakini kati ya jiwe na jiwe, pande zote mbili, palikuwa na kijivu kile kile. Nikarudi nyuma hatua nne, nikakunja macho. Mstari ukapotea. Chumba kizima kikawa jivu.

Nikamwambia asage tena. Akasaga tena. Nikamwambia aongeze. Akazima mashine.

"Sista, unatafuta nini?"

"Mbona ya Temeke nyeupe inakuwa nyeupe?"

"Ile ni nyeupe. Simenti nyeupe. Na lile bango nilitia unga mweusi kwenye simenti. Si nilikuuliza kwenye simu nyeupe ipo, nyeusi ipo? Ukasema ipo. Nilipoona imekuja mawe matupu nikajua mmeamua kwenda na ya kawaida, wengi wanafanyaga hivyo. Na hii si mbaya, inapendeza. Kwa urembo inatosha."

"Siyo urembo," nikasema, na nikamwambia. Nilimwambia yote, sharti nikalivunja siku ambayo halina kazi.

Fundi Salehe alikaa chini kwenye uji ule ule wa simenti. "Ungeniambia mzee haoni," akasema, "ningekukatalia. Hata ungenifukuza, ningekukatalia."

Nikauliza kama tunaweza kubomoa. Akasema imeshashikana na jamvi, na jamvi lenyewe ndo limebeba kuta za vyumba, ukianza na nyundo hujui nyufa zitaishia wapi. Akawasha mashine, akamaliza kazi yake. Alisaga vizuri sana mpaka mwisho, nadhani kwa ajili ya baba.

Nyumbani sikusema. Nilijiambia labda macho yake yataona tofauti ambayo yangu hayaoni. Mtu mwenye Form Four nzima anajidanganya hivyo.

Jumamosi, saa nne, tukamleta baba Kimara. Alivaa kanzu ya Idi. Mama alinong'ona nimwache ashuke mwenyewe kwenye gari, akashuka. Alipofika mlango wa chumba chake akasema wote tusimame sebuleni, atakuja. Akavua viatu. Akainamisha kichwa, akakigeuza kushoto, kulia, kama anavyogeuzaga gogo kutafuta mwanzo wa kazi.  

"Mstari unaanzia wapi?" baba akauliza.

"Hapo, baba. Umesimama juu yake."

 Akachuchumaa, akapapasa sakafu kwa kiganja, huku na huku, akakitafuta kioo kwa kucha na hakukipata, kwa sababu kimesagwa sawasawa na sakafu. Mie nikaanza kusema nyeupe, simenti, simu, maneno yakigongana. Akaniacha nimalize.

"Fundi kaisaga vizuri," akasema. Halafu akanyoosha mkono hewani, upande ambao sikuwepo. "Haya. Nishike."

Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo. Nikamshika, nikampeleka chooni, juu ya mawe niliyoyachagua mwenyewe.

Kabla hamjaniuliza, rangi tumejaribu. Fundi alikuja mwenyewe na kopo la rangi nyeusi, akapaka mstari wote, hakutaka hata chai. Siku ya kwanza baba alikwenda hatua nne peke yake, nilizihesabu, akasimama, akasema amechoka. Baada ya wiki mbili rangi ikaanza kubanduka magamba pale pale miguu inapopita. Tulipotaka kurudia, baba akasema tuache, hata cheusi chenyewe siku hizi kinamjia kama moshi. Sijui kama ni kweli au ananihurumia. Mama naye hajui.

Kwa hiyo tumehamia Kimara, nyumba imekwisha, mnaweza kuja. Wageni wakiingia wanaisifia sakafu. Nilichojifunza ni kidogo na hakinisaidii tena. Rangi ya terazo iko kwenye simenti, jiwe ni madoa tu. Nilikagua jiwe moja moja saa mbili nzima, na kitu kinachoyashika nikasema ni simenti tu, tumia. Na nyie kama mnamficha mtu ugonjwa, msimfiche fundi.

Baba haulizi habari za sakafu. Ananiita kwa jina, mara nne au tano kwa siku, na akishikwa siku hizi hanyamazi. Ananiongelesha njia nzima, habari za mvua, habari za huko kwenu, anacheka mwenyewe ili nisijisikie vibaya. Kule kunyamaza kwake kulikuwa afadhali.

Naandika haya nimekaa kwenye ndoo, nje ya mlango wa choo, namsubiri. Ameshagonga mlango kwa ndani, mara moja, taratibu. Nakwenda.