Ukurasa wa Njeru

Simu ya Nelius ilikuwa ghala lisilo na mwenyewe. Makala alizozipiga picha mtandaoni kuhusu magonjwa ya mifugo zilikaa pamoja na harusi ya binamu yake, miadi ya wateja aliyojitumia mwenyewe ikafukiwa na salamu za kwaya, na mengine aliyaandika kiganjani yakaenda na maji ya kunawa. Mama huyu wa Majimbo, mjini Embu, kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Kila siku alibeba mtungi wake wa mbegu za fahali kwa pikipiki hadi mashamba ya majani chai huko juu, na wote walimwita daktari. Lakini daktari msahaulifu ni hasara tupu, hata akiwa na roho ya malaika.

Aliyeumia zaidi ni Rwamba, mjane ambaye kijiji kizima kilimwita Cucu, kama mtu anavyomwita nyanya yake. Ng'ombe wake wa maziwa, Njeru, alikuwa ameingia joto, yaani kuwa tayari kupandishwa, mara mbili, na mara zote mbili Nelius alifika limepoa kwa sababu ujumbe ulizama simuni. Joto la ng'ombe halimngoji mtu; likipita, ungoje wiki tatu tena. Cucu hakufoka. Alisema tu kwamba mara hii Njeru asiposhika mimba, atauzwa kwa mchinjaji. Nelius angependelea matusi.

"Wewe tafuta app moja uweke vitu zote huko," mumewe Gachoki alimwambia. "Simu si gunia ya viazi."

Basi Jumapili baada ya kanisa Nelius akaketi kuchagua. Programu ya kwanza ilidai mtandao kila ilipofunguliwa, na kule mabondeni mtandao ni wa kubahatisha. Ya pili ilikuwa na majedwali, rangi na nambari zinazojijaza zenyewe. Ya tatu ilikuwa karatasi tupu: andika, bandika picha, hifadhi makala, tega kengele, basi. Hiyo aliidharau. Kizuri chajiuza, na ile ya rangi ilijiuza kwake mchana kweupe.

Wiki hiyohiyo Cucu akapiga simu asubuhi: Njeru alikuwa ameingia joto. Nelius aliacha chai mezani. Alipofika, kabla hata ya kumgusa ng'ombe, akajaza jedwali lake na kumgeuzia mwenye boma kioo cha simu kwa fahari.

"Ona, Cucu. Uko na ng'ombe tano. Njeru ni nambari tatu."

 Cucu akafungua kamba ya Njeru na kumrudisha zizini.

"Nani alikutuma uhesabu ng'ombe zangu?"

 Mifugo ya mtu haihesabiwi mbele yake, wala watoto wake; kuhesabu ni kuita msiba uje uchague. Hilo Nelius alilijua kabla hajajua kusoma, na jedwali la rangi lilikuwa limemsahaulisha.

"Pole, Cucu. Ni hii simu ndio..."

"Simu haina mdomo. Enda nyumbani."

Njiani Nelius alisimamisha pikipiki kando ya barabara akalia kwa aibu na hofu. Kufikia kesho asubuhi joto lingekuwa limekwisha, na Njeru naye. Lakini ng'ombe anayeonekana na joto asubuhi hupandishwa vizuri zaidi jioni, kwa hiyo mchana wote ulikuwa wake. Akalifuta lile jedwali lote, rangi na nambari zake, kisha akafungua ile karatasi tupu aliyoidharau lakini hakuiondoa simuni. Mtandao haukuwepo pale, nayo ilifunguka bila kinyongo.

Jioni alirudi na sukari na majani ya chai, kwa kuwa mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu.

"Sikuja kuhesabu, Cucu. Nataka tu uniambie Njeru ni wa nani."

Cucu akapokea sukari.

"Mama yake alikuwa Kairu. Mzee wangu alimleta na miguu kutoka Runyenjes, mvua ikinyesha, akakataa mtu asimpige fimbo."

Alianza hivyo, na hakunyamaza hadi kila ng'ombe akapata ukurasa kwa jina lake, na picha yake, na ukoo wake. Katika ukurasa wa Njeru, Nelius alibandika makala ya chumvi ya madini kwa ng'ombe wasioshika mimba, ile aliyokuwa akiisaka miezi yote kati ya picha za harusi, na chini yake akatega kengele. Cucu mwenyewe ndiye aliyemshika Njeru pembe wakati wa kupandishwa.

Kengele ya kwanza ilipolia baada ya wiki tatu, Nelius alimkuta Njeru ametulia, anacheua, joto halijarudi. Aliogopa kufurahi mapema. Mwezi wa tatu tangu Njeru apandishwe kengele ikalia tena, naye akavaa glavu ndefu, akapima, akapima tena.

"Ako na mimba, Cucu."

Mama mzee aliegemea uti wa mgongo wa Njeru, akafumba macho, midomo ikimcheza kwa sala. Alipoyafumbua, aliashiria simu.

"Hapo kuna karatasi ingine?"

"Iko."

"Andika jina langu, Rwamba. Andika haendi kuuza ng'ombe."