Siku Niliyofungua Hoteli Bila Kujua

Ndugu zangu, mkipita mtaani kwetu Sekei mkasikia watu wakiniita "Meneja wa Loshoro", msiulize kwa sauti, maana bado uso unaniwaka moto, na heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani aliyeongeza chumvi.

Mimi ni fundi samani. Natengeneza makochi, meza za kulia, makabati, na baada ya miaka mingi ya kufanyia kazi uani nikapata jengo la kupanga, kubwa, barabarani, ambalo zamani lilikuwa hoteli ya mama mmoja wa Kimeru. Hoteli ilishafungwa siku nyingi, lakini ukutani maandishi mekundu yalikuwa yangalipo, KWA MAMA ELIAKUNDA, na mtaa mzima ulikuwa bado unaelekezana kwa jina hilo (shuka pale kwa Mama Eliakunda, nisubiri kwa Mama Eliakunda). Nikajiambia, Zakayo, jina zuri namna hii utalifutaje, nawe lako halijulikani hata na majirani? Nikaliacha. Nikalipaka rangi upya likang'aa kuliko mwanzo. Mwenye jina sikumuuliza, kwa kuwa nilidhani ameshalala katika Bwana.

Hapo lingekuwa kosa dogo. Ila kwetu mtu akifungua biashara humwita mchungaji aiombee, nami nikampa mzee wa kanisa tangazo alisome ibadani: Kwa Mama Eliakunda panafunguliwa upya Jumapili ijayo, baada ya ibada, karibuni nyote. Neno kochi sikulitia (nilitaka wakifika washangae). Na kama hujaishi huku, nikueleze: tangazo likishasomwa kanisani halikai mjini, linapanda mlima na waliokuja kusali, na kabla ya jioni linajadiliwa Akheri migombani.

Jumapili yenyewe walikuja wengi mpaka nikaogopa. Wazee wenye suti, akina mama wenye vitenge vipya, watoto, na karibu kila mama amebeba hotipoti tupu. Nilipaswa kujiuliza hotipoti ya nini kwenye makochi, lakini furaha ilinipofusha, na wao walivyoona meza zimepangwa na viti vyake sita sita wakakaa moja kwa moja, na waliokosa viti wakajaza makochi ambayo hata nailoni sikuwa nimeyatoa. Nikasema moyoni, hawa ndio wateja, wanajaribu mali kwanza.

"Fundi, hongera!" akaniita Baba Neema, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. "Hoteli imekuwa ya kitajiri, tunakula tumeegemea kama wabunge!"

Nikacheka, nikidhani anatania. Kisha mama mmoja akanivuta shati. "Baba, loshoro bado? Mimi asubuhi sikunywa chai makusudi."

Loshoro, kwa asiyeijua, ni mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa mpaka yakalainika, yakaachwa yapoe, halafu yakachanganywa na maziwa mgando. Ya Mama Eliakunda walikuwa wakiifuata hata kutoka mbali kule Momela. Jasho likaanza kunitoka kisogoni. Na mchungaji, maskini, hakujua lolote, akainua mikono akaomba, "Bwana, uwashibishe wote watakaoingia humu," na nawaambieni sijawahi kusikia Amina yenye nguvu kama ile.

Nikapanda juu ya stuli. "Wapendwa, mimi... mimi nauza makochi."



"Kochi linaliwa?" akauliza Baba Neema, na ukumbi ukaangua kicheko, ila nikaona watoto hawacheki, wanawatazama mama zao.

Ndipo pikapu ikasimama mlangoni. Akashuka bibi mrefu, mwembamba, mwenye fimbo, na mtu akanong'ona, "Ni mwenyewe!" Wote wakasimama kwa pamoja, nailoni zikalia kote ukumbini, na hata mchungaji akavua miwani. Mimi nilikuwa bado juu ya stuli. Nilishuka haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia nimefungua hoteli."

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lilinitisha zaidi.

"Jina langu wanalo wajukuu wawili. Wote waliletwa kwangu kwanza, nikawashika, nikawabariki. Wewe hili jengo ulilileta lini?"

"Nisamehe, mama. Sikulileta."

"Basi acha kusimama, kuna sufuria kwenye gari."

Ndugu zangu, zilikuwa sufuria kubwa za loshoro, zimefunikwa majani ya mgomba. Tangazo lilipomfikia kule Akheri alijua watu watakuja na njaa, kwa hiyo alichemsha mahindi, akakusanya maziwa kwa majirani, akaja. Nikamuuliza, kwa nini ujitaabishe, mama, kosa si lako? Akanijibu huku akipakua, "Mtu akialikwa kwa jina langu, nani mwingine atamlisha?"

Nilibeba mabakuli aliyokuja nayo, siku ile nzima, kama mhudumu. Nilikuwa nimeona rangi nyekundu ukutani nikadhani hilo ndilo jina. Kumbe jina lilikuwa kwenye mikono ile, miaka yote hiyo hoteli imefungwa, na lilikuwa bado zima.

Walipokwisha kula nilimwomba ruhusa nilitumie, safari hii kwa adabu, nimepiga magoti. Akacheka kidogo. "Hapana, baba. Andika lako. Halafu ulilishe."

Kesho yake nikaufuta ukuta. Sasa umeandikwa SAMANI ZA ZAKAYO, na jina la mtu sitalichukua tena, hata nikilikuta limedondoka barabarani. Wapo bado wanaoingia na hotipoti wakiulizia loshoro. Siwacheki. Nawakalisha kwenye kochi, nawamiminia chai kutoka chupa niliyoiweka pale mlangoni, na wakiondoka huwa wananiuliza: samahani, baba, wewe unaitwa nani?