Kilemba cha Bachal Khan Mlangoni Petu

Bachal Khan alirudi kijijini kwetu, nje ya mji wa Barmer, jangwani, kutoka kwenye kongamano la wanamuziki wa India nzima, akawa hatulii. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Tangu enzi za babu zetu, ukoo wake ndio unaoimba arusi na misiba ya ukoo wetu, kwa kamaicha, zeze lao la nyuzi za utumbo wa mbuzi.

"Bwana mdogo," aliniambia, mkate wa uwele ukimpoa mkononi, "nimemsikia Mbengali mwenye chombo cha uzi mmoja tu, akanitoa machozi. Na Mtamil, ngoma yake inabishana na mwimbaji kama mtu na wifi yake. Kumbe mimi nimeishi ndani ya mtungi."

"Si umeshatoka?"

"Nimetoka. Kurudi ndani ndiko siwezi, sienei tena."

Chuoni tulifundishwa kuhifadhi muziki wa jadi kama maiti inavyohifadhiwa. Huyu alikuwa hai, na sikutaka afukiwe.

Wiki ile kaka yangu alimleta mkewe nyumbani. Bachal akapiga wimbo wa kumkaribisha bibi arusi, lakini katikati sauti ikapanda isikozoea kupanda, ikainama Kibengali, ikarudi. Wageni wakageuza shingo. Baba akainua fimbo.

"Bachal, umelewa? Piga wa babu yako, au niite bendi ya mjini."

"Babu yangu naye aliutoa kwa watu, bwana. Aliuiba Sindh, ng'ambo ya mpaka."

"Basi ondoka na wizi wenu."

Watu wakacheka. Bachal hakucheka. Alifungua nyuzi tatu za zeze, akavua kilemba, akavifukia pamoja mchangani, mbele ya mlango wetu.

Kicheko kikakatika. Kwetu hiyo ni talaka. Ukoo ulioachwa hivyo hauimbiwi na mtu mwingine yeyote, wala hapatikani wa kutaja mababu siku mtoto akizaliwa. Na bibi arusi alikuwa bado hajavuka kizingiti.

"Nenda kafukue," Baba alininong'oneza.

"Aliyemtukana si mimi, Baba."

Alinitazama kama anayenipima kwa fimbo. Kisha akaiweka chini, akapiga magoti, akachimba kwa vidole. Alikung'uta kilemba na nyuzi, akamkabidhi Bachal kwa mikono miwili.

"Piga wa babu yako," alisema. "Halafu huo mwingine."

Bachal alifunga nyuzi taratibu, akazikaza. Akaanza na huo mwingine, na bibi arusi akavuka.