Makongoro na Nyonga ya Mama Mkwe

Makongoro, mhudumu wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya Musoma, ana maringo ya jambo moja tu: hakuna anayemlaza mgonjwa kama yeye. Daktari Burito hubadilisha nyonga kwa kuingilia mbele, mgonjwa akiwa chali, na kitanda alichonacho ni kile cha kawaida kinachokunjika katikati. Nyonga ikikaa sawasawa juu ya mkunjo, upande wa miguu huteremshwa, mguu nao ukashuka na mfupa wa paja ukajitokeza. Ikipitiliza vidole vinne tu, mguu hauendi popote, na kuulazimisha ni kutafuta kuvunja mfupa. Wengine hupima kwa macho. Makongoro hupapasa mifupa ya kiuno kwa vidole gumba, amefumba macho, kama mtu anayechagua ndama mnadani.

Bwana huyu asiyeogopa damu anamwogopa mama mkwe wake. Kwao Butiama mwanamume hamgusi mama mkwe wala hamtazami usoni, na Makongoro aliitii mila hiyo kuliko hata wazee waliomfundisha. Miaka kumi na sita ya ndoa hajawahi kumpa mkono. Bibi huyo akija Musoma kumtembelea bintiye Benedikta, mke wa Makongoro, mkwewe hutorokea mlango wa jikoni. Mwaka juzi aliruka ua wa michongoma, nusu ya suruali ikabaki huko.

Basi nyonga ya kulia ya bibi ilipokwisha kabisa, akawa anatambaa kwake kule Mwitongo, Makongoro ndiye aliyehangaikia foleni mwaka mzima. Kisha akapanga zamu ili mwenzake Elias amlaze. Asubuhi yenyewe Elias akapiga simu kutoka Kabasa, Bunda. Malaria imemwangusha, hainuki.

Makongoro akajificha kwenye kona ya chumba cha upasuaji, uso ukutani, akawa anamwelekeza Sista Eunice kwa mdomo. Bibi alikuwa macho, maana sindano ya mgongo ilitia ganzi kiunoni kushuka chini tu.

"Mshushe kidogo, Sista."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Hapo. Umepitiliza?"

"We ndo uniambie! Kwani mimi ndo naangalia ukuta?"

Daktari akateremsha kitanda. Kikakunjikia mapajani, mguu ukabaki pale pale. Wakamvuta tena, safari hii wakapitiliza upande wa pili. Daktari Burito akatazama saa.

"Hivi sikati. Akikaa vibaya dakika kumi zingine, anarudi kwenye foleni."

Foleni ilikuwa mwaka mwingine mzima. Makongoro alisikia masikio yanawaka kwa aibu. Alijua kosa ni lake, lakini miguu yake ilikataa kugeuka.

"Sista," bibi akasema kwa sauti kubwa ya kanisani, akimwita mkwewe kwa jina la mtoto wake, "mwambie Baba Boke ng'ombe wake wa mahari nilishawala zamani, hata ngozi sina. Nimekuwaga natambaa kwenda chooni kama mtoto. Hiyo mila inisubiri nisimame, tutaongea nayo."

"Mama, ni mwiko," akasema Makongoro, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu harusi.

"Najua. Faini yake mbuzi, na nitamdai. Njoo univute."

Akageuka. Alifumba macho, safari hii si kwa maringo. Vidole gumba vikaipata mifupa, na bibi alikuwa mwepesi kuliko alivyomdhania. Akamvuta taratibu, akasita, akaongeza upana wa kidole. Kitanda kikateremka, na mguu ukashuka nacho.

"Hapo hapo," akasema daktari, akaomba kisu.

Miezi mitatu baadaye Makongoro alipeleka mbuzi Mwitongo. Alimfunga kwenye nguzo ya lango, akaipa nyumba kisogo na kuanza kuondoka haraka haraka, kama kawaida yake.

"We Baba Boke! Fundi gani haangalii kazi yake?"

Akageuka. Bibi alikuwa anakuja kutoka mlangoni bila fimbo, miguu yote miwili ikikanyaga sawa, mkono umenyooshwa kuifuata kamba ya mbuzi. Machozi yakamtoka Makongoro mbele ya mama mkwe, waziwazi, na akasahau kukimbia.