Gunia Juu ya Tangi la Samaki

Juzi, katika duka la samaki wa mapambo mjini Kisii, mchuuzi mmoja wa ndizi aliweka mfuko kwenye kaunta. Ndani mlikuwa na samaki waliokufa, walioachwa na marehemu mkewe. Mimea ya tangini nyumbani ilikuwa imefifia, akaipelekea gesi ya kabonidayoksaidi, inayostawisha mimea, kwa mpira kutoka chupa ya sukari na hamira iliyochachuka. Kisha akafunika mdomo wa tangi kwa gunia, kama anavyovundika ndizi, gesi isitoroke.

"Mzee, hawakupanda juu wakifungua midomo?" muuzaji aliuliza.

"Walipanda. Nikadhani wana njaa, nikawaongezea chakula."

"Walikuwa wanatafuta hewa."

Mzee alikumbatia mfuko. "Mimea iko sawa," akasema.

Ndivyo tunavyopendana huku kwetu: mtu akifungua mdomo, tunampakulia chakula kabla ya kumuuliza ana nini.