Mkono wa Mkoba wa Lore

Wivu wa Elfriede ulikuwa na jina, na jina lenyewe ni Lore. Miaka ile baada ya vita, nusu ya mji wa Offenbach, Ujerumani, iliishi kwa kutengeneza mikoba ya ngozi. Elfriede alikuwa fundi wa kisu katika karakana moja: kazi yake kupunguza unene wa kingo ili ngozi ikunjike vizuri. Lore alikaa meza ya pili, akishona.

Elfriede alimpenda Heiner, mkata ngozi, kimyakimya. Kisha kwaya ya karakana ikachagua nyimbo za yule mtunzi ambaye jina lake la ukoo ni jina la mji wao, na Lore akapewa kuimba na Heiner. Wakaimba, wakaimba, mpaka posa ikaja.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, shoga," Resi wa gundi alimcheka Elfriede. "Wewe ulisimama wima kama mlingoti!"

"Nyamaza wewe, gundi isije ikakukaukia mdomoni."

Desturi ya karakana ilikuwa bibi harusi ashonewe mkoba na wenzake wote, kila mmoja na sehemu yake. Elfriede akaangukiwa na mkono wa kushikia. Roho ilimuuma. Pale mkono unapopita kwenye pete ya chuma ya mkoba, akakwangua, akakwangua tena, ngozi ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Resi akabandika bitana juu bila kuona kitu. Elfriede alitaka ukatike mlangoni mwa kanisa, Lore aumbuke mbele ya watu. Alitaka hivyo hasa, wala hakujidanganya.

Siku ya kukabidhiwa, Lore alifanya kama mtu yeyote wa mji ule: kabla ya kuutazama mkoba, aliupapasa. Kidole gumba kikateleza kwenye mkono wa mkoba, kikasimama penye pete. Akamkazia macho Elfriede. Elfriede akangoja kuaibishwa.

"Mzuri sana," Lore alisema. "Asanteni, jamani."

Harusini aliubana kwapani kutwa nzima, kanisani na hata kwenye karamu ya divai ya tofaa.

"We mke wangu, mkoba una mkono," Heiner alimtania. "Mbona unaukumbatia kama kuku wa wizi?"

"Niache niubane. Nimepewa na mashoga zangu."

Elfriede akaweka bilauri chini. Kumkosa Heiner alishaanza kuzoea. Sasa alimwonea Lore wivu hata kwa wema wake, na wivu huo hakuwa na kisu cha kuupunguza.