Cherehani Iliyopelekwa Kwedizinga

Ukipita Old Korogwe siku hizi, kwenye ile mitaa inayoteremkia mtoni, utamkuta Chausiku barazani kwake akikata miguu ya suruali za mitumba. Watu huzileta ndefu, yeye huzifupisha. Ni kazi ya haraka na haina fahari. Ukimsifu mkono, atakwambia hujaona kitu, ungekuja wakati ule.

Wakati ule ulianza na marobota. Kabla yake khanga ilikuwa kitu cha kupangiwa foleni kwenye duka la ushirika, na mwenye cherehani alikuwa mtu wa kuamkiwa kwa adabu. Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, na siku ya gulio marobota ya mitumba yakawa yanapasuliwa chini, juu ya maturubai, kila mtu akichambua apendacho. Mafundi wa Korogwe wakaanza kuuza cherehani zao. Sadala, mume wa Chausiku, akamshauri na yeye auze ya kwake, wanunue mbuzi.

"Mbuzi ashone sare za nani?" Chausiku alimuuliza, akaendelea kushona.

Ndipo alipotokea Naipanoi. Huyu alikuwa mke wa mfugaji wa Kwedizinga, upande wa Handeni. Siku za gulio alileta maziwa Korogwe, na yakiisha alikuja kupumzika kwenye baraza la Chausiku, miguu kainyoosha, akitunga shanga. Alizitunga kwa nyuzi za kuchomoa kwenye viroba vya sukari, maana uzi wa dukani huozeshwa na jasho. Chausiku alimtazama siku nyingi. Siku moja akamtupia kipande cha kitambaa cha marekani.

"Hebu nitilie shanga pembeni hapo," alisema. "Tuone kama Mmasai anajua kitu zaidi ya kunywa damu."

"Na Mzigua anajua nini zaidi ya kutafuna mhogo na kusengenya watu?" Naipanoi alimjibu bila kuinua macho.

Kile kipande kikawa kola ya blauzi, na blauzi ikaning'inizwa mlangoni. Hapo ndipo ilipoonwa na Bernadina, mwanamke wa Dar es Salaam aliyekuwa akipita na gari. Alikuwa akilinunulia nguo duka moja la ng'ambo, la watu wanaotaka nguo za haki, yaani nguo ambazo aliyezishona anajulikana, analipwa vizuri na haonewi. Ndivyo alivyoeleza, na alieleza vizuri sana. Alisema pia kwamba kila nguo itafungwa kikadi chenye picha ya fundi, ili anayeivaa amjue.

"Picha yangu mimi?" Chausiku aliuliza.

"Yako, mama. Si wewe ndiye fundi?"

Sadala aliposikia alicheka hadi akakohoa. "Basi Wazungu watakutembeza vifuani mwao, mama Mustapha," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

Alimtania hivyo siku nyingi, na Chausiku alijifanya amechukia. Moyoni aliitaka ile picha kuliko kitu chochote. Hakuwa amesoma, jina lake halikuwa limeandikwa popote pa maana, na kazi za mikono yake zilikuwa zimevaliwa na Korogwe nzima bila mtu kuuliza nani kashona.

Miaka iliyofuata ndiyo anayoiita miaka yake. Naipanoi alikuja na mikanda ya shanga kwenye mfuko, wakaketi pamoja hadi alasiri. Shanga hazipatani na sindano ya cherehani: zikikutana, kimoja huvunjika. Kwa hiyo Chausiku aliushikiza mkanda kwa mkono kwanza, kisha akalizungusha gurudumu polepole kwa kiganja, mguu haupo kwenye kanyagio, huku Naipanoi akiuvuta mkanda kwa vidole usisogee. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Vichwa vyao vilikaribia kugusana, mmoja akinuka moshi na maziwa, mwingine mafuta ya cherehani. Walikunywa chai ya maziwa ya Kwedizinga. Naipanoi akajifunza matusi ya Kizigua, Chausiku akajifunza rangi za shanga kwa Kimasai, na kila mmoja aliharibu lugha ya mwenzake, wakachekana.

Picha tu ndiyo haikupigwa. Bernadina alisema itapigwa wageni wa ng'ambo watakapokuja.

Masika moja Sadala akafa. Homa ilimkamata shambani, na hakuwahi hata kufikishwa hospitali. Chausiku akaingia eda. Kabla majirani hawajamaliza kuja kuhani, ikaja habari kutoka kwa Bernadina: wageni wanakuja, wanataka kuwaona mafundi na kuwapiga picha.

Athuman, mdogo wake Sadala, alikataa akiwa bado mlangoni.

"Shemeji, mjane haonekani na wageni, sembuse kupigwa picha. Na cherehani inyamaze. Hii ni nyumba ya msiba."

Chausiku hakubishana. Ilikuwa dini yake, na Sadala alikuwa mume wake. Wageni wangeisubiri picha yake, alifikiri, si wanajua maana ya haki? Lakini hakutaka kazi ife kwa sababu yake. Alimwita Naipanoi, wakaongea pazia likiwa katikati.

"Chukua cherehani, ipeleke kwako. Nguo zimebaki vifungo tu. Wageni waje kwako waione kazi. Waambie fundi yuko eda, atatoka."

"Nitawaambia, mama Mustapha."

Mwanzoni Naipanoi aliendelea kuja kumjulia hali nje ya pazia. Baadaye akaacha. Chausiku alikaa ndani miezi minne na siku kumi, mikono haina la kufanya, akizisikiliza cherehani za mtaa wa pili. Alipotoka, akaoga, akavaa, na kesho yake akapanda basi kwenda Kwedizinga.

Cherehani ilikuwa imewekwa chini ya kibanda cha nyasi nje ya boma. Ilikuwa imepakwa mafuta, inang'aa kuliko siku zote. Sindano haikuwa na uzi. Kwenye nguzo palikuwa pamebandikwa kikadi, na kwenye kikadi alikuwapo Naipanoi na mapambo yake yote shingoni, ameketi kwenye cherehani, kitambaa mkononi, akitabasamu. Miguu alikuwa ameikunja chini ya kiti.

"Siku hizi unashona?" Chausiku aliuliza.

"Hata uzi sijui kuingiza. Unajua kwamba sijui."

"Nguo nani anashona?"

"Dar. Wasichana wengi, kwenye jengo. Shanga wanazibandika kwa gundi. Mimi nikiitwa nakaa hapo, wageni wananipiga picha."

"Uliwaambia habari zangu?"

"Niliwaambia. Bernadina akawageuzia kwa Kizungu. Sijui alisema nini, wakatikisa vichwa, wakasema kaa." Naipanoi akatazama pembeni. "Nikakaa."

Chausiku akaanza kufungua skrubu za kichwa cha cherehani.

"Leo wanakuja wengine," Naipanoi alisema. "Ngoja waondoke, nitakuletea mwenyewe."

"Nimeshangoja ndani muda wa kutosha."

Naipanoi akakisogeza kiti pembeni. Kisha akaenda kumleta punda, akashika upande wa pili wa meza, wakainua pamoja. Walifunga kamba. Waliposhika njia ya kwenda barabara kuu wakakutana na gari. Bernadina akashuka, akafunga mlango nyuma yake ili waliomo ndani wasisikie.

"Mama Chausiku, pole sana na msiba. Hiyo unaipeleka wapi?"

"Kwangu."

"Niachie nusu saa tu. Wageni wako hapa. Hata wewe leo utapigwa picha, utasimama nyuma yake."

"Nyuma ya nani?"

Bernadina akamtazama Naipanoi kana kwamba yeye ndiye angejibu. Naipanoi akampiga punda fimbo, wakapita.

Barabarani walingoja basi pamoja. Utingo alipandisha cherehani juu, na Naipanoi akasema atakuja siku ya gulio. Alikuja, mara moja, wakanywa chai. Baada ya hapo Bernadina alimpelekea cherehani nyingine, mpya, naye akaketi kwenye hiyo. Ana watoto, na kukaa si kazi ngumu.

Chausiku anaielewa sababu hiyo. Akihadithia ile miaka hucheka, hutaja rangi za shanga moja moja, huiga jinsi Naipanoi alivyotukana kwa Kizigua, na uso wake hurudi ujanani. Ukimuuliza kama anamlaumu rafiki yake, atasema si sana. Anamlaumu kidogo tu, na hicho kidogo, anasema, hakijaisha hadi leo.